Shemeji anasema namtesa kaka yake

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia saa kumi alfajiri, sijafumba jicho. Shemeji yangu amesema mbele ya wageni kwamba namfanyisha kaka yake, mume wangu, kwata. Mbele ya wageni, Shangazi.

Nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi unaijua. Miezi saba sasa, upande wa kulia, na kauli ikaondoka nao. Limebaki neno moja tu, "basi", na ndilo analotumia kwa maji, kwa choo, kwa asante.

Ile si kwata, ni mazoezi ya kusimama na kutembea. Kwanza napima presha. Ikizidi 180 kwa 110, siku hiyo tunaacha. Kiti ni cha mbao, kimeegemezwa ukutani, maana cha plastiki huteleza. Nyayo zote chini, mguu wa kulia naurudisha nyuma kidogo nao ubebe uzito. Ukiachwa mbele, ule mzima ndio unafanya kazi yote. Anainama mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo anainuka. Mara tano, anapumzika dakika mbili, mizunguko mitatu. Kisha tunatembea koridoni, mimi kuliani kwake, nimeshika khanga niliyomfunga kiunoni. Mkono siushiki. Ndala nimezitupa, ya kulia ilishalika ncha yote kwa kuburuzwa. Sasa anavaa makubazi yenye mkanda wa kisigino.

Mkono aliushika shemeji. Alimvuta kwa ule uliopooza ili amwinue kitandani, na bega lenye misuli iliyolegea halina kinacholishikilia. Siku nne mume wangu hakulala kwa maumivu. Halafu mtesaji ni mimi?

Najua amelemewa moyoni. Karibu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingiwa na sonona, na asiye na kauli huwezi kumuuliza, unamtazama tu: anageukia ukuta, chakula anakichokonoa, saa tisa usiku macho yako wazi. Mazoezi huipunguza, lakini ndiyo hiyo hiyo inayomnyima nguvu ya kuyaanza. Hapo ndipo tulipokwama. Daktari alimwandikia vidonge vya sonona vya usiku, amitriptilini. Asubuhi akisimama presha ikawa inashuka, almanusura aanguke. Nikasogeza mazoezi hadi saa nne, na kwanza namkalisha ukingoni mwa kitanda dakika tano. Kliniki ni mwezi ujao.

Usiniambie niache. Niliacha wiki mbili, tulikuwa na msiba kwetu, na niliporudi kifundo kilikuwa kimekaza, kisigino hakifiki chini. Ila kuna asubuhi, Shangazi, natamani mtu aniambie niache.

Maana analia. Nikisema "haya, tusimame", machozi yanamtoka, anasema "basi". Najua kuna kilio kinacholetwa na ubongo ulioumia, hakina huzuni ndani yake, kinakuja ghafla na kukatika ghafla. Chake mara nyingi ni hicho. Lakini cha jana hakikukatika. Alinitazama usoni, akanishika kiganja kwa mkono wake mzima, akasema "basi". Sasa hiyo ilikuwa basi ya maji, au alikuwa ananiambia basi? Nitajuaje? Kutikisa kichwa hakusaidii, ndiyo na hapana anazichanganya.

Na kumwita mtesaji mtu anayeamka kabla ya jua kupasha maji ya kumkanda!

Shemeji anakuja tena Jumapili, na wageni wale wale. Nimsimamishe mbele yao, au ningoje waondoke?