Mahakama zidhibiti simu za wanahabari zinazoshikwa na polisi

Mhariri,

Kisa cha watengenezaji filamu wanne waliokamatwa jijini Nairobi Mei 2, 2025, siku chache baada ya BBC kupeperusha filamu kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi Bungeni Juni 25, 2024, kimeanza kusahaulika. Waliachiliwa siku iliyofuata bila kushtakiwa, lakini vifaa vyao vilibaki kwa polisi hadi Julai. Wataalamu wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walipovichunguza, walikuta programu ya ujasusi ya FlexiSPY, na wakasema iliwekwa mwezi Mei, wakati vifaa hivyo vilikuwa bado mikononi mwa polisi.

Programu hii inauzwa mtandaoni, na anayetaka kuiweka sharti kwanza aishike simu yenyewe. Ikishaingia, husoma ujumbe, hunasa mazungumzo, huonyesha mwenye simu yuko wapi, na yaweza kuwasha maikrofoni simu ikiwa imelala mezani. Ndiyo maana naona tunakosea tunapouzungumzia udukuzi kana kwamba ni uchawi unaopita hewani. Simu isiyorudishwa ni hasara ya mwenyewe. Inayorudishwa ikiwa na msikilizaji ndani humtia hatarini kila atakayempigia.

Wapo watakaosema kwamba asiye na hatia hana la kuficha. Mwanahabari anayo ya kuficha, nayo si yake. Nimeandika habari za serikali za kaunti kwa muda mrefu, na zile za maana zilianza kwa mtu wa cheo kidogo: karani aliyeona zabuni ileile ikilipwa mara mbili, muuguzi aliyepokea maboksi ya dawa pungufu ya yaliyotiwa sahihi. Mmoja wao sasa hataki simu wala ujumbe. Hunitaka niiache simu nyumbani, nimkute kwenye kibanda cha chai karibu na stendi ya matatu, na ninakili nambari za hati za malipo kwa kalamu, kwa kuwa picha haruhusu. Habari nyingine hufia hapo, maana wakili wa gazeti hawezi kupitisha tuhuma zinazotegemea mwandiko wangu peke yake. Hakuna aliyeipiga marufuku habari hiyo, na msomaji hatajua kamwe kwamba ilikuwapo.

Sheria hazikosekani. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda usiri wa mawasiliano, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaruhusu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mwenzake bila idhini atozwe faini ya hadi Sh5 milioni, afungwe hadi miaka mitatu, au yote mawili. Mimi nikimwekea jirani programu kama hiyo, nitajibu mashtaka. Sikatai kwamba polisi wana wajibu wa kupeleleza uhalifu, hata mshukiwa akiwa mwanahabari, lakini amri ya kushikilia simu si amri ya kuiongezea kitu.

Kwa hivyo, hakimu anapotoa amri ya aina hiyo, ataje kinachotafutwa. Simu ifungwe kwa lakiri mbele ya mwenyewe au wakili wake. Kila afisa anayeifungua aandike jina na saa. Na kabla ya kurudishwa ikaguliwe na mtaalamu asiye wa polisi, ripoti yake iwekwe kwenye faili ya kesi.

Mashirika makubwa ya habari yanaweza kumnunulia ripota wao simu nyingine. Sisi wa kujitegemea tuna simu moja, yenye M-Pesa, picha za watoto na nambari za kila mdokezi, na ikirudishwa asubuhi tunaiwasha kabla ya adhuhuri kwa sababu ya riziki. Baraza la Vyombo vya Habari laweza kuanza na simu chache za kuazimisha, pamoja na mtaalamu mmoja wa kukagua zilizotoka kituoni.

Mwanahabari wa kujitegemea,
Nakuru