Boriti zikaguliwe kabla ya kupigiliwa mbao za juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie sakafu za mbao za nje ambazo siku hizi zinajengwa kwa wingi katika mikahawa na nyumba za wageni za pwani yetu. Mimi ni seremala, na kila mara naona wateja wakikagua rangi na ulaini wa mbao za juu bila kuuliza neno lolote kuhusu boriti zinazozibeba.

Hivi karibuni niliitwa katika mkahawa mmoja wa ufukweni ambao sakafu yake ilikuwa ikinesa kila wageni walipoinuka kucheza. Nilitambaa chini yake na tochi. Boriti zilikuwa mbao za msindano za inchi 2 kwa 4, zimelazwa bapa badala ya kusimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, na nilipoweka futikamba nikakuta sentimita 90 kutoka katikati ya boriti moja hadi katikati ya nyingine. Pale boriti ilipogusa ukuta nilichoma bisibisi, ikazama hadi karibu na mpini, na nilipoichomoa ilitoka na unga mweusi, laini, uliolowa kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Jioni ile palikuwa na sherehe. Nilimsihi mwenye mkahawa aihamishie mchangani, naye, namshukuru, akakubali.

Kulaza boriti bapa si kosa dogo. Mbao ile ile ya 2 kwa 4 ikilazwa hubakiwa na robo tu ya ukakamavu iliyokuwa nao iliposimamishwa, kwa sababu kinachoizuia boriti kupinda zaidi ya kingine chochote ni kimo chake: ukiongeza unene wake mara 2, ukakamavu huongezeka mara 2, lakini ukiongeza kimo mara 2 huongezeka mara 8. Ndiyo maana nawasihi wanunuzi waende sokoni na futikamba. Mbao inayouzwa kwa jina la 2 kwa 6, lakini ikipimwa ina inchi 5 na nusu, imekwisha kupoteza karibu robo ya ukakamavu ambao mnunuzi anadhani ameulipia.

Kwa mbao za juu zenye unene wa inchi 1, boriti zisipishane zaidi ya sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati, na ikiwa mbao hizo zitapangwa mshazari, zisizidi sentimita 30. Boriti ya msindano ya 2 kwa 6, iliyonyooka na isiyo na vifundo vikubwa kwenye ukingo wake wa chini, mimi siivushi zaidi ya futi 8 bila egemeo. Watu 4 wazima wakisimama katika mita 1 ya mraba wanakaribia kilo 280, na hapo bado hawajaanza kuruka. Wazee wetu waliijua hesabu hii bila kuiandika: vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba, kwa kawaida havifiki mita 3, kwa kuwa boriti ya mkoko haikuaminiwa kuvuka zaidi ya hapo, na tena zilipangwa karibu karibu.

Adui mkubwa zaidi ni maji. Mwezi Juni 2015, mjini Berkeley, Marekani, roshani ya jengo la ghorofa ilivunjika na vijana 6 wakafa. Boriti zake za mbao zilikuwa zimeoza kwa unyevu ulionaswa ndani. Mvule na mtiki hustahimili, lakini bei yake wengi hawaimudu. Anayetumia msindano ahakikishe umetiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, si kupakwa kwa brashi, na kila ncha itakayokatwa kazini ipakwe dawa upya, maana msumeno hufungua moyo wa mbao ambao dawa haikuufikia. Mbao za juu ziachiwe upenyo wa milimita 5 hivi ili maji yapite. Misumari ya kawaida huliwa na hewa ya chumvi; itumike iliyopakwa zinki, au chuma kisichoshika kutu. Na mbao ya ukutani inayobeba ncha za boriti ifungwe kwa bolti, kamwe isiachiwe misumari peke yake, kwani msumari huchomoka polepole bila mtu kujua.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za pwani, zinapotoa vibali vya ujenzi wa sakafu hizi, zimtume mkaguzi siku ambayo boriti ziko wazi, kabla ubao wa kwanza wa juu haujapigiliwa. Akija baada ya hapo, atalazimika kutambaa na tochi kama mimi.

Fundi seremala,
Tanga