Kuasili mtoto ughaibuni: msiulize bei tu

Mhariri,

Wanaotaka kuasili mtoto kutoka nchi nyingine huanza kwa kuuliza gharama. Nauli, wakili, tafsiri ya vyeti, ada ya wakala: hayo angalau yanapigiwa hesabu. Kinachowamaliza watu ni mlango kufungwa wakiwa njiani. Ethiopia ilipiga marufuku wageni kuasili watoto wake mwaka 2018. China ilifunga 2024, na baadhi ya waliokwisha kupangiwa watoto wakabaki na picha tu.

Tena mtoto anayeitwa yatima huenda mama yake yu hai, na hakuelewa karatasi aliyotia dole gumba. Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa kimataifa kuhusu kuasili watoto baina ya nchi, unataka familia itafutwe kwanza katika nchi ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo ukidaiwa fedha taslimu bila risiti, ondoka, hata kama umeshampenda mtoto (na utakuwa umeshampenda).

Faili la afya lisomwe na daktari wa watoto kabla hujakubali. Uraia nao ufuatilieni hadi cheti kitoke. Marekani wapo watu wazima walioasiliwa utotoni ambao hadi leo si raia, kwa kuwa wazazi hawakukamilisha makaratasi.

Msomaji wenu