Risala ya Wauguzi Waliohitimu Mafunzo ya Utunzaji wa Kumbukumbu za Wagonjwa

Ndugu Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa,
Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya,
Wakufunzi wetu, waganga wafawidhi na wauguzi wenzetu,

Sisi wauguzi na wakunga wa zahanati na vituo vya afya vya wilaya hii tunakushukuru kwa kuja kutufungia mafunzo, ingawa tunajua meza yako haikosi mafaili.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumefundishwa kujaza vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kukusanyia taarifa za huduma za afya, na kadi za wateja. Kadi iliyotuchukulia muda mrefu kuliko zote ni ya mjamzito, RCH namba 4. Mama anahudhuria kliniki kijijini kwake, lakini uchungu unamkuta usiku akiwa kwa wazazi wake, anakimbizwa kituo kingine. Mkunga anayempokea hamjui, ana kadi tu mkononi. Kama tarehe ya hedhi ya mwisho haikuandikwa, atajuaje kuwa mimba imetimiza miezi? Kama presha na wingi wa damu vimeachwa wazi, anaanza kuuliza maswali mama akiwa ameshaanza kusukuma.

Patogramu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua, nayo ni hivyo hivyo. Mapigo ya moyo ya mtoto huandikwa kila nusu saa, kufunguka kwa njia ya uzazi hupimwa kila baada ya saa 4, ili uchungu uliokwama uonekane mapema na rufaa itoke. Patogramu iliyojazwa mtoto akiwa ameshazaliwa inamfaa mkaguzi peke yake.

Tumekumbushwa pia kufungia vitabu kabatini, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu na sisi.

Pamoja na hayo, zipo zahanati ambazo muuguzi mmoja anachanja, anazalisha, anagawa dawa na kuandika. Vitabu vinasubiri jioni, na jioni kichwa kimechoka. Tunaomba watumishi wa ajira mpya waanzie huko. Tunaomba vitabu vipya vifike kabla vya zamani havijaisha, tusirudi kwenye madaftari ya kupiga mistari kwa rula. Wasimamizi wakija, wakae wasome kurasa pamoja nasi badala ya kuhesabu mapengo. Na takwimu zikishaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, zirudishwe kwetu, tujue ni vijiji gani kina mama wanaanza kliniki wiki 12 zikiwa zimeshapita.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa mafunzo