Rangi inayokula hewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu alilalamika humu kwamba kumfundisha mtoto wa sayansi kuchora ni kumpotezea muda, eti nchi inataka wahandisi, si wachora twiga. Mimi nasoma kemia, mwaka wa pili, hapahapa Dar es Salaam. Ada yangu yote ya sekondari imelipwa na twiga. Kwa hiyo barua ile ilinigusa.

Mjomba wangu ni mchoraji wa Tingatinga. Nimekulia barazani kwake, nikichanganya rangi kwenye vifuniko vya makopo kabla sijajua kusoma vizuri. Wasomaji wengi wanalijua hilo jina: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na akafariki 1972. Miaka minne, basi, na mpaka leo kuna familia zinakula kwa mtindo wake. Wanaomwandika husifia macho ya wanyama wake na zile nukta. Mimi siku hizi natazama zaidi alichokuwa ameshika mkononi. Hakuwa na turubai wala zile rangi za wasanii za kwenye tyubu. Alichukua hadibodi, zile za futi mbili kwa mbili watu walizokuwa wakipigilia darini, na rangi ya mafuta ya kopo, ya kupakia baiskeli na milango.

Mjomba ana hadibodi moja ya zamani hataki kuiuza. Mbele ni laini kama sahani. Ukipitisha kidole nyuma unakutana na vimraba vidogovidogo kama vya chandarua. Utotoni nilidhani ni urembo. Kumbe ni alama ya wavu wa chuma ambao ubao ulilazwa juu yake wakati wa kukandamizwa, ili maji na mvuke vipate pa kutokea. Aliyebuni ni mhandisi William Mason, mwaka 1924, kule Laurel, Mississippi, Marekani, penye viwanda vya mbao na marundo ya vipande vilivyokuwa vikitupwa. Aliviweka kwenye chombo cha mvuke wenye shinikizo kubwa kisha akaufungulia ghafla, vikapasuka vikawa nyuzinyuzi. Zikikandamizwa kwa moto, nyuzi hizo zinashikana zenyewe kwa lignini, gundi ambayo mti ulikuwa nayo tangu shambani. Mtu wa Mississippi anahangaika na mabaki ya mbao. Miaka arobaini na kitu baadaye mtu wa Tunduru anachora chui juu yake.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Nilikuwa darasa la sita, masika imekolea, na mjomba alikuwa na picha nane za mteja aliyekuwa anasafiri. Paa lilivuja usiku. Nikajifanya mwerevu: nikazipanga picha zote moja juu ya nyingine, nikazifunga kwenye nailoni, nikasukuma uvunguni. Asubuhi tulipofungua, tausi alikuwa amemng'ang'ania twiga. Kumbandua, akaondoka na sikio. Mjomba hakunipiga. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Rangi haikauki kama nguo, mama. Rangi inataka hewa. Ukiifungia inanuna." Safari iliyofuata nikaianika picha juani, tena rangi niliyoipaka nene. Ikajikunja mikunjo kama ngozi ya kiwiko cha bibi. "Umekausha ngozi," akasema, "nyama bado mbichi."

Haya maneno nilikaa nayo miaka, nikiyaona maneno ya wazee tu. Mwaka wa kwanza chuoni tukafika kwenye mafuta yanayokauka. Nikamwomba fundi wa maabara aniruhusu nipake mafuta ya kitani, utando mwembamba, juu ya kipande cha kioo, nikawa nakipima kwenye mizani kila nikipita. Nguo ikikauka inapungua uzito, kila dobi anajua. Mafuta yangu yaliongezeka. Nikapima mara ya pili, ya tatu, nikafuta mizani nikidhani ina vumbi. Yalikuwa yanaongezeka kwa sababu yanavuta oksijeni kutoka hewani, na hiyo oksijeni ndiyo inayoufunga mnyororo mmoja wa mafuta na mwingine mpaka unakuwa wavu mgumu. Rangi ya kopo nayo ni ndugu yake. Kwanza thina inaruka, ndiyo ile harufu inayokupanda kichwani, halafu utomvu wake, ambao kwa kawaida umetengenezwa kwa mafuta ya mimea, unaanza kufumana kwa oksijeni. Ukipaka nene na kuianika juani, juu kunafumana kabla ya chini. Ngozi imekauka, nyama mbichi. Ukiifungia kwenye nailoni haina cha kufumia.

Kazi hiyo ya kufumana kwenye makopo mengi huharakishwa na chembe za kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kwa jirani zetu Kongo, upande wa Kolwezi. Hata bluu ya tausi ina hadithi. Bluu nyingi kali za kopo siku hizi zina shaba katikati ya molekuli, na umbo la hiyo molekuli linafanana mno na lile la kijani cha majani, ambalo katikati lina magnesi, na la wekundu wa damu, ambalo lina chuma. Siku niliyoliona ubaoni nilicheka peke yangu darasani, mhadhiri akaniuliza kulikoni.

Jumamosi hiyo nikaenda kwa mjomba na daftari. Shikamoo, marahaba, nikamweleza habari ya mizani. Akaacha brashi. "Kwa hiyo inakula hewa?" "Inakula, mjomba." "Na mimi nilikwambia nini?" Tangu siku hiyo ananiita Daktari wa Makopo.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya barua ile. Sekondari tulipofika kuchagua masomo, mwalimu mmoja alinikuta nimechora pembezoni mwa daftari akachana ukurasa: "Wewe ni wa sayansi, michoro waachie wenzako." Mtihani wa biolojia uliofuata alinipa alama zote za mchoro wa moyo. Sijui alidhani mkono ule niliuazima wapi.

Na utengano huu wa sayansi na michoro hautuletei aibu za darasani tu. Mjomba ana zaidi ya miaka thelathini kwenye rangi. Ananawa kwa petroli au thina, anajifuta kwa kanga kuukuu, anamega chapati. Rangi za njano nyingi za zamani, na baadhi za sasa, zina risasi (ya madini, si ya bunduki, ingawa hii nayo inaua kwa mwendo wake). Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Watoto ndio waliojaa kwenye hizo baraza, wakichanganya rangi kama nilivyokuwa mimi. Juzi nilikagua makopo kumi na moja bandani kwake. Karibu yote yalikuwa na maandishi ya Kiingereza yenye herufi za sisimizi, mawili karatasi zake zilishafunikwa na rangi yenyewe, na kopo moja tu lilitaja risasi, kusema haimo. Mjomba anasoma Kiswahili, tena gazeti hili kila siku. Hakuna aliyewahi kumwandikia kwa lugha anayoisoma kwamba asile kabla ya kunawa kwa sabuni.

Ombi langu ni kwa wenye viwanda vya rangi na kwa wanaosimamia viwango: andikeni juu ya kopo, kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, kama rangi ina risasi na nini cha kufanya. Na vyuo vyenye maabara viwapokee wachoraji angalau siku moja kwa muhula, waje na makopo yao yapimwe. Naamini wahadhiri watarudi nyumbani wameokota jambo pia; mimi nililiokota barazani kabla sijaingia darasani.

Mjomba kwa sasa amekubali bakuli la maji na kipande cha sabuni pembeni ya kigoda. Petroli ameacha. Nilipomshauri aiache na njano, walau mpaka tuipime, alinitazama kama nimemtukana. "Twiga asiye na njano," akasema, "huyo ni punda."

Mwanafunzi wa kemia,
Dar es Salaam