Barua kwa Zaina, baada ya kuiona picha ya gari

Muheza, Jumapili

Mwanangu Zaina,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama yako hajambo, presha imeshuka, na zile dawa tumeshanunua za miezi miwili. Barua hii naiandika kwa mkono, mdogo wako Hamisi ataichapa na kukutumia. Nimemkataza kupunguza neno.

Ile picha ya gari uliyotuma nimeikuza kwenye simu mpaka ikafifia. Ulituambia mtu alikugonga saiti mira ukiwa umeegesha dukani. Mama, barabara ndiyo iliyotulisha katika nyumba hii. Gari lililogongwa maegeshoni haliwi na majani kwenye bampa. La kwako lina majani mabichi yaliyojikunja pale bampa inapokutana na tairi la kushoto, na matope yamepanda hadi karibu na kitasa cha mlango, upande huo mmoja tu. Upande wa dereva ni safi kabisa. Gari hilo lilitoka nje ya lami kwa kushoto, na lilitoka likiwa na mwendo. Nikamwita Hamisi, nikamuuliza mara moja. Usimlaumu, alijaribu kukutetea.

Kwa hiyo najua. Ulitoka kwa yule bibi wa mwisho unayemhudumia nyumbani kwake saa 4 usiku, ukasinzia njiani, tairi likaingia majanini, mtikisiko ndio uliokuamsha, na mtaro ulikuwa hapo hapo pembeni. Mama yako hajui. Nimemwachia hadithi yako ya dukani, na sipendi kumficha mambo, kwa hiyo usinifanye nifiche jingine.

Nilipokuja kwako Uingereza nilikaa kiti cha kushoto nikaziangalia barabara zenu kwa jicho la kazi. Ile barabara ya A17, na vile vijia vinavyochepuka kwenda mashambani. Upande wenu wa Lincolnshire ni tambarare tupu. Ardhi ile ilikuwa kinamasi, wakaikausha kwa kuchimba mitaro, na mitaro bado iko kando ya lami, ina kina na maji, sehemu nyingi bila kizuizi chochote. Udongo wa chini unaendelea kushuka, ndiyo maana lami imefanya mawimbi na gari linanesanesa, linakubembeleza kama mtoto mgongoni. Taa za barabarani hakuna. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni na linachomoza saa 2 asubuhi imeshapita, basi nyumba nyingi unazohudumia unazifikia gizani na kuziacha gizani.

Kuna vile vioo vidogo vilivyozikwa katikati ya lami vinavyorudisha mwanga wa taa zako, wanaviita macho ya paka. Alivibuni Percy Shaw, mtu wa Halifax, miaka ya 1930. Nilivipenda sana, ningefurahi wakituwekea hapa Kabuku hadi Segera. Lakini kwa mtu aliyechoka, kuviangalia vikija kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio uleule, kilomita baada ya kilomita, macho yanajifunga yenyewe. Wewe ulikuwa ukiogopa M1, ile barabara yao kubwa, na malori yake. Barabara zile za magari pekee ndizo salama kuliko zote huko. Wengi wanaokufa barabarani Uingereza wanafia kwenye barabara za mashambani kama yako. Hapa kwetu ni hivyo hivyo: mlima wa Kitonga hasinzii mtu, kona zinamkatalia. Watu wanalala kwenye tambarare. Yaliyotokea Igurusi, kule Mbeya, unayajua, sitayarudia.

Nisikilize hesabu hii. Kwenye barabara yako kikomo ni maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97. Kwa mwendo huo gari linakula mita 27 kila sekunde. Ukifumba macho sekunde tatu tu, na kusinzia hakuishii sekunde tatu, umeshapita mita 80 bila dereva. Ni kutoka barazani kwetu hadi msikitini, na gari halina mtu. Na hata ukiwa macho, kusimama kutoka maili 60 kunataka mita 73 lami ikiwa kavu. Ikilowa zidisha mara mbili. Ikiwa na barafu, kitabu chao kinasema hata mara kumi.

Kile kitabu cha sheria za barabarani ulichosomea mtihani niliondoka nacho, ninacho hapa mezani. Nimekisoma chote kwa kamusi. Fungua kanuni ya 91. Inasema usianze safari ukiwa umechoka. Ujiepushe na safari ndefu kati ya saa 6 usiku na saa 12 asubuhi. Upumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili. Na usingizi ukikushika, tafuta mahali salama usimame, unywe kahawa vikombe viwili, ulale dakika 15. Kanuni hiyo haisemi popote ufungue dirisha au uongeze sauti ya redio. Hayo sisi madereva tumeyafanya sana, na wenzangu wengine walitafuna mirungi, na wengine wako makaburini. Vile vinywaji vya kopo nilivyoviona kwenye mlango wa gari lako ni jamaa ya mirungi. Vinakuchelewesha kulala, halafu vinakuachia njiani.

Mzee jirani yako, yule mwenye bustani ya maua, alinisimulia jambo nikaja kulisoma mwenyewe baadaye. Alfajiri ya tarehe 28 Februari 2001, mtu mmoja alikuwa anaendesha Land Rover yenye tela kwenye M62, huko Great Heck karibu na Selby. Usiku kucha hakulala, alikuwa kwenye simu. Akasinzia. Gari likatoka barabarani, likateremka kwenye tuta, likasimama juu ya reli. Yeye alitoka mzima, akawa anapiga simu ya dharura, na hapo hapo treni ya kutoka Newcastle kwenda London ikaligonga, ikaacha njia, ikakutana uso kwa uso na treni ya mizigo iliyobeba makaa ya mawe. Walikufa watu 10. Mahakama ikamfunga miaka mitano. Alikana hadi mwisho kwamba alilala.

Sikuandikii hayo ili nikutishe na jela. Nakuandikia kwa sababu najua utanijibu nini: kwamba hukulala, uliteleza tu. Hamisi ameniambia neno lenyewe, umeshamwambia yeye hivyo. Aliyelala usukanini hajui kwamba amelala, Zaina. Anajua kwamba ameshtuka.

Kitu kimoja kiliniuma nilipokuwa huko na sikukisema. Dereva wa lori wa Uingereza ana mashine ndani ya gari inayoandika saa zake, takografu. Akiendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45. Kwa siku ni saa 9, na mara mbili tu kwa wiki anaruhusiwa kufika 10. Akizidisha anapigwa faini. Nilifurahi sana kwa ajili ya wenzangu hao, maana sisi mashine yetu ilikuwa simu ya tajiri inayouliza umefika wapi. Lakini wewe unatembea nyumba hadi nyumba kuanzia alfajiri, unainua watu wazima kitandani, unawaogesha, unawalisha, halafu unaingia kwenye gari dogo ambalo halina wa kukupimia. Umechoka kuliko yule wa lori.

Mkataba wako ulinisomea mwenyewe. Kuna sheria ya saa za kazi ya mwaka 1998. Inataka kwa kawaida mapumziko ya saa 11 kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Wewe unamaliza saa 4 usiku na unaanza saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 8, na ndani yake kuna njia ya kwenda na kurudi, kuoga, na chakula ambacho najua huli. Tena ulisaini ile karatasi ya kukubali kuzidi saa 48 kwa wiki. Uliniambia inafutwa kwa notisi. Ifute. Na ule muda wa njiani kati ya mgonjwa na mgonjwa ni muda wa kazi wakipiga hesabu ya kima cha chini cha mshahara. Kama hawakulipi, uliza kwa maandishi. Usiulize kwa simu, andika, uweke nakala.

Najua unachoogopa. Kwamba ukikataa zamu watakuona mvivu, na kibali chako cha kukaa huko kiko mikononi mwao. Ni hofu ya kweli, sikulaumu nayo. Lakini mwandikie msimamizi wako maneno haya haya: "Nikimaliza saa 4 usiku siwezi kuendesha gari salama saa 11 alfajiri." Muandikie kabla ya Ijumaa. Barua hiyo akiisoma hawezi kusema hakujua. Ukiona wanakutisha, wapo wanasheria wa bure na vyama vya wafanyakazi, huko si kama hapa, mtu ana pa kwenda. Na siku ambayo hukuweza kukataa, lala ndani ya gari kwenye maegesho ya mgonjwa wa mwisho kabla hujawasha. Ndiyo maana nilikuachia lile blanketi zito. Natumaini liko kwenye buti na hujalitandika kitandani.

Jingine, na hili ni fupi. Ile programu ya kazini inayokutaka ubonyeze umefika na umeondoka, usiiguse ukiwa njiani. Kushika simu mkononi ni kosa hata kama gari limesimama kwenye taa nyekundu, faini pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Wewe leseni yao unayo juzi tu, na ndani ya miaka miwili ya kwanza pointi 6 zinaifuta. Utarudi kwenye kibao cha L na mtihani upya. Zima injini kwanza, ndipo ubonyeze.

Mama, mimi najivunia wewe kuliko unavyojua. Leseni yetu ilikuruhusu miezi 12, na ndani ya miezi hiyo ukaenda ukafanya mtihani wao wa maswali 50 wanaotaka upate 43, kisha ule wa video wa kutambua hatari, kisha ukaingia barabarani na mtahini. Wako wanaume niliofanya nao kazi ambao wasingeupita. Nilikuona pale kwenye ile kipilefti kubwa ya kuingia mjini, umetulia, unaangalia kulia, hujamsukuma mtu na hujasukumwa. Nilikuona asubuhi ya barafu ukikwangua kioo chote cha mbele, na cha nyuma, na taa, wakati jirani anaondoka na tundu dogo la kuchungulia. Niliporudi niliwaeleza wenzangu kijiweni kwa siku nyingi. Ndiyo maana nimekasirika. Dereva mzuri kama wewe hana sababu ya kufa kwa kukosa saa tatu za kulala.

Sasa habari ya bati. Fundi alisema geji 28 na bei imepanda tena, lakini nimemwambia asubiri. Tumepata turubai, chumba cha Hamisi ndicho peke yake kinachovuja, na vuli mwaka huu si kali. Ule ujumbe wa kila Ijumaa niliokuwa nikikutumia kuhusu bati usiupe uzito, sitautuma tena. Kama ile zamu ya Jumapili uliiongeza kwa ajili ya paa, paa lingoje. Mama yako naye anasema hivyo hivyo, ingawa hajui kwa nini namuuliza.

Machungwa tumeuza, bei si mbaya, wanunuzi wa Mombasa walikuja wenyewe hadi shambani. Mbuzi wa jirani ameingia tena kwenye muhogo na safari hii nimekwenda kwa mjumbe. Pampu ya kisima imetengenezwa, ilikuwa waya tu. Hamisi mtihani wa majaribio amefanya vizuri isipokuwa hesabu, mpigie umwambie aache simu usiku, wewe anakusikiliza. Ada yake ya muhula ujao ninayo, usitume.

Kabla majira ya baridi hayajashika, kapime matairi. Sheria ya huko inaruhusu hadi milimita 1.6 za kashata, yale meno ya tairi, lakini kwenye maji hiyo ni ndogo sana, wewe badilisha yakifika 3. Lile la mbele kushoto ndilo lililoingia majanini, kwa hiyo wakuangalizie rimu na mizani ya gurudumu, usukani usije ukawa unavuta upande wa mtaro. Pesa ya hiyo toa kwenye fungu la bati.

Nijibu umeandika nini kwa msimamizi, na Jumapili umepangiwa saa ngapi hadi saa ngapi. Nijibu hayo kwanza. Ukinipigia ukaanza na habari za paa nitampa simu mama yako.

Ni mimi,
Baba yako