Mlinzi wa Zamu si Mkandarasi

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi imekuwa kawaida kwa makampuni, hasa yale yanayotoa huduma kwa migodi, kumpa mlinzi au dereva karatasi inayomwita «mkandarasi huru», kisha kumpangia saa za kuingia, sare ya kuvaa na mkuu wa kumtii. Mtu wa namna hiyo ana uhuru gani? Fundi wa kuchomelea wa Katuba, anayekubaliana na mteja bei ya geti, anayetumia mashine yake na kubeba hasara akikosea vipimo, huyo ndiye mkandarasi kwelikweli.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inatazama jambo moja zaidi ya yote: je, mtu anafanya kazi chini ya mamlaka ya mwingine kwa malipo? Ikiwa ndivyo, yeye ni mfanyakazi, hata karatasi ikisema vingine, na mwajiri anapaswa kumwandikisha CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na kumpa likizo yenye malipo. Hata kibarua wa siku amekumbukwa: akiisha kufanya kazi siku 22 katika miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake huhesabiwa kuwa hauna kikomo, kifungu ambacho mameneja wengi, nadhani, hawapendi kisomwe kwa sauti.

Naomba wakaguzi wa kazi wahoji walinzi wenyewe getini, badala ya kuridhika na mafaili ya ofisini.

Msomaji wenu,
Lubumbashi